Samadi ya Baba, urea yangu

Mwezi wa Juni 2023 niliiua mipapai minne ya Baba. Sikukusudia. Nilikuwa naipa mbolea.

Nilipoisimulia hadithi hii kwenye kipindi tulicheka sote, lakini siku ile pale Barka hakukuwa na kicheko. Mipapai ilikuwa sita. Mbegu zake shangazi alizileta kutoka Pemba majira ya baridi yaliyotangulia, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya pochi yake. Zilitoka kwenye papai lililoota nyuma ya jiko la nyumba aliyozaliwa Baba. Baba akaziotesha kwenye makopo ya maziwa, akawa anazimwagilia mwenyewe asubuhi na jioni, na mwezi wa Machi akaihamishia miche shambani. Shamba ni neno kubwa, wallahi. Ni kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba, hatua kumi kwa kumi. Lakini Baba alikuja Oman mwaka 1972, kijana wa miaka ishirini na moja, na hii ilikuwa mara ya kwanza tangu siku hiyo kuwa na mti kutoka kwao. (Mambo ya 1964 na yaliyowaleta wazee wetu huku tumeyazungumza kwenye vipindi vingine, siyarudii hapa.)

Mbolea yake ilikuwa moja tu: samadi ya mbuzi kutoka kwa jirani, iliyokaa mpaka ikapoa. Mimi kazi yangu ni uhandisi, upande wa gesi, kwa hiyo nilijiona naijua urea kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Nikaona mipapai imedumaa na majani yamepauka. Nikamwambia, Baba, hii inataka naitrojeni. Akanijibu, "Mwanangu, huu ni mti wa jaani. Hautaki mambo mengi." Nikangoja amelala mchana, nikamwaga viganja viwili viwili vya urea kwenye kila shina, nikatia maji kidogo, nikarudi Maskati. Wiki ya pili kingo za majani zikawa kama zimepitishwa motoni. Ya tatu, minne imelala chini.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Ushaichoma," akaingia ndani kuswali alasiri.

Angenigombeza ningepata nafuu. Kwa kuwa sikujua niombe radhi vipi, nikafanya kile ninachokiweza, yaani kusoma. Nilitaka kujua nani kati yetu alikuwa na haki, yeye na samadi yake au mimi na urea yangu. Nikagundua kwamba swali letu lina karibu miaka 200, kwamba watu wakubwa waligombana juu yake mpaka wakazeeka, na kwamba kipande kizima cha hadithi hiyo kimepita hapa hapa, baina ya Oman na Unguja.

Mti wa jaani

Tuanze na mti wenyewe. Mpapai si wa Pemba, wala si wa Oman. Asili yake ni kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati. Wahispania waliufikisha visiwa vya Karibi, na katika karne ya 16 mbegu zake zikavuka bahari ya Pasifiki hadi Ufilipino, kisha zikaendelea Malaka na India. Hata jina "papai" lilianza kwenye lugha za wenyeji wa Karibi, likapita midomoni mwa Wahispania na Wareno kabla ya kufika kwetu. Mbegu za papai ni nyepesi, zinakaushika, na papai moja linatoa mamia. Msafiri anazitia mfukoni na kuzisahau. Shangazi na kitambaa chake alifanya jambo ambalo mabaharia walilifanya miaka 400 na zaidi kabla yake.

Aliyekulia pwani anajua mpapai unaota wapi. Unaota jaani, nyuma ya jiko, au pale maji ya bafuni yanapotokea. Hakuna aliyeupanda, mtu alitupa maganda, akasahau. Wazee wetu wakaona basi hiyo ndiyo tabia yake, mti usiotaka kuhangaikiwa.

Kumbe ni kinyume. Jaa ndipo mahali penye rutuba kuliko popote kiwanjani. Pana majivu ya jikoni, na humo mna potasiamu. Pana mifupa ya samaki, na humo mna fosforasi. Pana kinyesi cha kuku, na humo mna naitrojeni. Halafu pana lundo la majani na maganda yanayooza, ambayo hushika maji kama sponji. Mpapai ukiota hapo, haukuchagua maisha ya dhiki, umekaa mezani.

Na ni mti mlafi. Mwembe una msimu wake, unazaa kisha unapumzika. Mpapai ukishaanza kuzaa haupumziki: juu una maua, katikati matunda machanga, chini yake yaliyopevuka, yote kwa wakati mmoja. Mizizi yake mingi inatambaa juu juu. Haivumilii maji kutuama, na chumvi inaisumbua. Kwa ufupi unataka kula kila siku, lakini kidogo kidogo.

Kwa hiyo Baba alisema kweli, ni mti wa jaani. Ila pale Barka hatuna jaa. Taka zetu zinachukuliwa na gari la manispaa, na kilichobaki ni mchanga.

Dagaa kwenye mitende

Karibu mwaka 1331 Ibn Battuta alitoka Kilwa kwa chombo akaja hadi Zafari, upande wa Salalah ya leo. Aliandika juu ya minazi, migomba na tambuu aliyoiona huko, na juu ya jambo lililomshangaza: wanyama wa mji ule walikuwa wanalishwa dagaa. Mpapai hakuuona, maana wakati ule mipapai yote ya dunia ilikuwa ng'ambo ya Atlantiki.

Dagaa wale ni muhimu katika hadithi hii. Katika pwani ya Oman, Batinah ikiwemo, dagaa walianikwa ufukweni kwa mafungu makubwa. Sehemu ilikuwa chakula cha ngamia na ng'ombe, na sehemu ilikwenda moja kwa moja kwenye mashina ya mitende kuwa mbolea. Bahari ilimlisha mnyama, mnyama akalisha mtende kwa samadi yake, mtende ukamlisha mtu. Bila ya mzunguko huo ule mchanga usingezaa kitu cha maana.

Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu, nikaanza kuiangalia samadi kwa jicho jingine. Mimi na Baba tulikuwa tunazungumza kana kwamba samadi ni ya Mungu na urea ni ya binadamu. Lakini samadi nayo haishuki kutoka mbinguni. Mbuzi wa jirani anakula majani yaliyolimwa kwenye shamba la mtu mwingine, pengine kwa mbolea ya kiwandani. Rutuba siku zote inatoka mahali fulani na kubebwa kwenda mahali pengine.

Sultani, Malkia na kinyesi cha ndege

Sasa tuje kwa kisa ambacho sikufundishwa shuleni, wala hapa wala kwenye masomo ya Jumamosi ya Kiswahili.

Wakulima wa Peru walikuwa wakitumia guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kilichojikusanya visiwani, kwa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Alexander von Humboldt alipeleka sampuli Ulaya. Kufikia miaka ya 1840 Waingereza walikuwa wameshaingiwa na wazimu wa guano. Meli zilizunguka ncha ya Amerika ya Kusini kwenda kuipakia kwenye visiwa vya Chincha, na waliochimba vumbi lile, wengi wao, walikuwa vibarua wa Kichina waliotendewa kama watumwa. Bei ikapanda, na Waingereza wakaanza kutafuta visiwa vyao wenyewe.

Wakavipata kwetu. Mbele ya pwani ya Dhofar kuna visiwa vitano vidogo, Kuria Muria, ambavyo leo vinaitwa Hallaniyat. Vilikuwa chini ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, yule yule ambaye jina lake tunalihusisha na mikarafuu, na mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa kwa kazi ya watumwa. Tarehe 14 Julai 1854 Seyyid Said alivitoa visiwa hivyo kuwa zawadi kwa Malkia Victoria. Hakutaka malipo, na yanayosimuliwa ni kwamba alituzwa kijaluba cha ugoro. Miaka miwili baadaye alifariki baharini, akiwa njiani kurudi Unguja.

Guano ya Kuria Muria ilichimbwa kwa miaka michache tu, mpaka karibu 1860, kisha biashara ikafa. Visiwa vyenyewe vilikaa mikononi mwa Waingereza hadi 1967 ndipo vikarudi Oman. Kwa hiyo zimo ngano zilizostawi kwenye mashamba ya Uingereza kwa samaki wa bahari ya Dhofar, waliopita matumboni mwa ndege wa Dhofar.

Guano iliniharibia hesabu yangu. Ni kinyesi, basi ni mbolea ya asili. Lakini ilipakiwa kwenye magunia, ikasafirishwa kwa meli, ikauzwa kwa bei ya soko kwa wakulima wasioujua hata huo mji ilikotoka, sawasawa na urea ya leo. Uitie upande gani?

Wakubwa waligombana

Wakati guano inapakiwa, huko Ulaya ugomvi wenyewe ulikuwa umeanza. Mwaka 1840 Mjerumani Justus von Liebig alitoa kitabu kilichotikisa watu. Zamani wataalamu wengi waliamini mmea unakula mboji, yaani ile weusi ya udongo. Liebig akasema hapana: mmea unachukua madini, na kaboni yake inatoka hewani. Akatangaza pia kanuni aliyokuwa ameshaiandika Carl Sprengel kabla yake, kwamba mazao yanazuiwa na kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote. Ukiwa na naitrojeni tele na potasiamu huna, hiyo naitrojeni haikusaidii.

Hapo alipatia. Lakini Liebig alifikiri pia naitrojeni inayotoka hewani na kwenye mvua inatosha, na akatengeneza mbolea yake mwenyewe ya kuuza. Ilishindwa. Aliogopa mvua itaisomba, akaiyeyusha kwa moto mpaka ikawa ngumu kama kioo, na mizizi haikuweza kuitumia. Kwa hiyo mtaalamu mkubwa kuliko wote naye aliwahi kuharibu shamba kwa kujiamini. Niliposoma hapo nilipumua kidogo.

Uingereza, tajiri mmoja mwenye shamba huko Rothamsted, John Bennet Lawes, alikuwa anamwagia mifupa tindikali ili fosforasi yake iweze kuyeyuka. Mwaka 1842 akachukua hati ya uvumbuzi, akafungua kiwanda. Mwaka uliofuata, yeye na mkemia Joseph Henry Gilbert wakaanza jaribio kwenye shamba linaloitwa Broadbalk. Waliligawa vipande virefu. Kimoja hakikupewa kitu. Kimoja kilipewa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka. Vingine vilipewa chumvi za kiwandani kwa mchanganyiko tofauti. Wakapanda ngano mwaka 1843, na ngano inapandwa pale mpaka leo. Ndilo jaribio la kilimo lililodumu kuliko yote duniani.

Na majibu yake? Kipande kisichopewa kitu kinatoa karibu tani 1 kwa hekta. Kilichopewa madini bila naitrojeni hakikukizidi kwa kikubwa, hapo Liebig akaanguka. Kilichopewa samadi na kilichopewa chumvi za kiwandani zilizokamilika vilikwenda sambamba kwa zaidi ya miaka mia. Kumbuka, Lawes alikuwa muuza mbolea ya kiwandani, lakini hakukificha kipande cha samadi, alikiacha pale kimshuhudie.

Lakini chini ya ardhi mambo hayakuwa sawa. Udongo wa kipande cha samadi ulizidi kuwa mweusi na laini, mpaka mboji yake ikawa zaidi ya mara mbili ya vile vingine. Tofauti hiyo haikuonekana sana kwenye mavuno kwa muda mrefu. Ilionekana kuanzia 1968, zilipoletwa mbegu mpya za ngano fupi zenye uwezo mkubwa. Hapo mavuno ya juu kabisa yakaanza kutoka kwenye vipande vilivyopewa samadi na kuongezewa naitrojeni ya kiwandani juu yake. Ilichukua miaka 125 kwa lile shamba kulisema hilo wazi.

Kwa nini? Mzizi wenyewe haujali. Naitrojeni ikitoka kwa mbuzi au kiwandani, inapofika mzizini kwa kawaida imeshakuwa chumvi ile ile. Tofauti ni lini inafika, na inakuta nyumba gani. Samadi inaachia taratibu, inashika maji, inalisha wadudu na vijidudu vya udongo, lakini naitrojeni yake ni asilimia chache tu ya uzito wake. Urea ni asilimia 46. Gunia la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, na inafanya kazi upesi, kwa faida au kwa hasara. Kwenye mchanga mtupu hakuna cha kuishika, ikimwagiwa maji mengi inazama chini, na ikiachwa juu kwenye jua na udongo wenye chokaa kama wetu inageuka amonia na kupaa. Ikirundikwa shinani, inaunguza. Mimi niliyapata yote kwa mkupuo mmoja.

Urea yenyewe ina historia nzito. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuifunga naitrojeni ya hewa kuwa amonia, na Carl Bosch akaifanya iwezekane kiwandani, Oppau, mwaka 1913. Mitambo ile ililisha mamilioni, na katika vita vya kwanza iliwapa Wajerumani malighafi ya baruti. Haber mwenyewe ndiye aliyesimamia gesi ya sumu ya Ypres, Aprili 1915. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918. Baba akisema haziamini hizi dawa za kiwandani hajui habari za Haber, lakini hofu yake haikuzuka hewani.

Upande wa pili alisimama Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi India. Kuanzia 1924 hadi 1931, pale Indore, yeye na mkewe Gabrielle waliangalia namna wakulima wa Kihindi wanavyotumia mabaki ya shamba, wakaipanga kuwa njia ya kutengeneza mboji kwa tabaka: majani, samadi, udongo, majivu, maji na hewa. Kitabu chake cha 1940 kikawa msingi wa kilimo hai huko Ulaya. Nilipoisoma njia ya Indore nilicheka peke yangu. Ni jaa, lakini lililopangwa.

Kutoka Sur hadi Kabete

Nyie mnaokaa huku mnaijua Sur. Mji wa majahazi, waliokwenda Unguja na pepo za kaskazi wakiwa na tende na samaki mkavu na kurudi na boriti. Tangu 2005 Sur kuna kiwanda kikubwa cha amonia na urea kilichojengwa na Oman pamoja na India. Gesi ya Oman inaingia, urea inatoka, na kwa miaka mingi ilikwenda hasa kwenye mashamba ya India. Kwa hiyo Oman, iliyokuwa ikianika dagaa kwa ajili ya mitende, sasa inalisha mashamba ya wengine. Kila nikipita barabara ile naiona minara yake, na kwa miaka mingi nilikuwa nikijisifu nayo. Sijabadilika. Ila zamani niliona gesi tu, siku hizi naifikiria na ile minne.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo limekuwa kinyume: samadi haitoshi, na mbolea ya kiwandani ni ghali. Mwaka 2006, Abuja, wakuu wa Afrika waliahidi kupandisha matumizi kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Walipokutana tena Nairobi, Mei 2024, safari hii mkutano ulibeba majina mawili, mbolea na afya ya udongo.

Na jibu lilikuwa jirani yao. Pale Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kuna jaribio la mahindi na maharage lililoanza 1976. Wengine wanalitaja kama Broadbalk yetu. Vipande vingine vimepewa samadi, vingine chumvi za kiwandani, vingine vyote viwili, vingine hakuna. Mavuno mazuri kuliko yote yametoka pale samadi na mbolea ya kiwandani vilipowekwa pamoja. Na habari chungu ni kwamba udongo ulipoteza mboji kila mahali, hata kwenye samadi, ila pale samadi na mabua yaliporudishwa shambani ilipotea kidogo zaidi kuliko penye mbolea ya kiwandani peke yake.

Nilipiga hesabu ya kiwanja chetu. Tani 35 kwa hekta, kwa hatua kumi kwa kumi, ni kama kilo 350 za samadi kila mwaka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mipapai ya Baba ilikuwa imepauka. Nilikuwa nimeuona ugonjwa sawasawa, dawa nikaipa kwa pupa.

Miwili iliyobaki

Nilimpelekea Baba haya yote mwezi wa Agosti, tumekaa barazani kwa feni na kahawa. Nilitaka kumsomea. Alisikiliza ya Seyyid Said mpaka mwisho, akaniuliza mara mbili kuhusu kile kijaluba. Ya Liebig alisinzia. Ya Kabete akaamka akasema, "Basi hao nao wanachanganya." Nikamwambia ndiyo, wanachanganya. Nikamwomba radhi hapo hapo, kwa sentensi moja, na yeye akanisogezea halua. Mambo yakaishia hapo, kwa namna ya watu wa kwetu.

Ilibaki miwili. Wasiwasi uliokuwepo hatukuutamka. Mipapai ya mbegu za Pemba ina dume na jike, na huwezi kujua mpaka utoe maua. Ikiwa yote miwili ni madume, hakuna papai. Ikiwa yote majike bila dume karibu, tutapata papai labda, mbegu hatupati. Shangazi alikuwa amesharudi, na ule mpapai wa nyuma ya jiko, tulivyosikia, ulikuwa umeangushwa na upepo.

Tulichofanya ni hiki. Tulichimba mfereji wa duara kuzunguka kila mti, mbali na shina, pale kivuli cha majani kinapokomea. Tukajaza samadi iliyoiva na majani makavu, tukafukia. Juu tukatandaza makuti ya mtende ili jua lisilipige. Mwezi mmoja baadaye, jua lilipopoa, nikaanza urea: gramu 50 kwa mti, nimeipima kwa mizani ya jikoni, imetawanywa ndani ya duara, imefukiwa, ikafuatwa na maji hapo hapo. Mwezi uliofuata tena. Maua yalipokaribia tukaongeza potasiamu, kwa sababu bila yake papai linakuwa kubwa na la maji maji, halina utamu. Baba akaongeza majivu ya mkaa wa mishkaki kwa siri. Niliyaona, sikusema kitu. Kwenye udongo wetu wenye chokaa majivu si mazuri yakizidi, lakini yalikuwa kiganja kimoja, na zamu ya kunyamaza ilikuwa yangu.

Mwezi wa Disemba mpapai wa ukutani ukatoa maua kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Dume. Baba akasema alhamdulillahi, lakini sauti ilikuwa ndogo. Siku kumi na mbili baadaye wa pili ukatoa ua moja nono, limekaa shinani, halina kikonyo. Alinipigia simu kazini kunieleza, na Baba si mtu wa kupiga simu wakati wa kazi.

Miti miwili si jaribio. Siwezi kuwaambia ni samadi iliyofanya kazi au urea, au makuti, au ile baridi ya miezi ile. Ninachoweza kusema ni kwamba papai la kwanza tulilikata Juni 2024, mwaka mmoja baada ya kuchoma ile minne. Baba alilila kwa ndimu, kimya, akasema si tamu kama la kwao. Kisha akazichukua mbegu zote, akazisugua utelezi wake kwa mchanga, akazianika kivulini juu ya gazeti. Nyingine alizitia kwenye bahasha za posta na kuandika juu yake majina ya ndugu: Salalah, Dubai, na mmoja Cardiff, ambaye sijui atazifanyia nini huko kwenye baridi.

Bahasha yangu imeandikwa jina langu, na chini yake, kwa mwandiko wake wa kuinama: "Kidogo kidogo."

Tungependa kusikia kwenu. Wazee wenu walikuwa wanailisha nini miti yao, kule na huku? Majivu, dagaa, maji ya kuoshea samaki? Waulizeni, mtuletee sauti zao, tuzitie kwenye kipindi.